Dole Gumba la Katekista

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kurasa thelathini na sita na jalada la bluu, na maneno yake yote yalikuwa ya Kifaransa. Katika kigango kizima cha Nyamihale, upande wa Geita karibu na mgodi wa dhahabu, hapakuwa na mtu aliyeweza kusoma hata mstari mmoja wa kitabu hicho. Katekista Donatus Maduhu mwenyewe hakuweza. Hata hivyo, kwa miaka kumi na miwili alisimama nacho mbele za watu akawasimulia vita vya Lepanto, merikebu kwa merikebu, utadhani alikuwako akarudi na kovu. Kuna watu wamezaliwa na mdomo wa kusimulia, na Donatus alikuwa mmoja wao. Mdomo huo ulimpa heshima, na ndio uliomponza.

Alizaliwa Mwakitolyo, Shinyanga, kwa baba mwenye ng'ombe wengi. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikapita, zizi likabaki na nzi. Akiwa na miaka kumi na saba alielekea ziwani kutafuta maisha, na misheni ikampa kazi ya kupiga kafi kwenye mtumbwi mkubwa wa mapadri, ule uliokuwa ukivuka ghuba ya Mwanza ukibeba masanduku, chumvi, kengele, na mara nyingine padri mgonjwa. Alipiga kafi miaka sita. Huko ndiko alikojifunza kusoma, ndiko alikobatizwa, na ndiko alikopata maumivu ya kiuno ambayo hayakumwacha tena. Mtumbwi ule haukwenda bila wimbo. Asiyeimba hukosa pigo, na anayekosa pigo humgonga mwenziwe wa mbele mgongoni, kisha ugomvi unaanza katikati ya maji. Donatus alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Mapadri walipoisikia sauti ile wakaona ni hasara kuiachia samaki, wakamfanya katekista.

Mwaka 1943, mwishoni mwa Septemba, Padri Lukasi alikuja Nyamihale kwa pikipiki akakitoa kitabu mkobani. Alimweleza kwamba zamani, mwaka 1571, merikebu za Wakristo na merikebu za Waturuki zilikutana mahali panapoitwa Lepanto, mamia kwa mamia, zikipigwa makasia na watu maelfu, na kwamba Wakristo walisali rozari wakashinda. Ndiyo maana Oktoba saba ni sikukuu ya Rozari.

"Waonyeshe picha," Padri alisema. "Watu hukumbuka walichokiona."

Walizipitia picha zote wakiwa wameketi kibarazani. Kwenye ukurasa wa ishirini na moja Donatus alisita kidogo. Picha ile ilionyesha ndani ya merikebu, kama mtu anayetazama toka juu ya mlingoti. Wapiga makasia walikaa watano watano kwenye kila ubao, vichwa vimenyolewa, vifundo vya miguu vimetiwa minyororo. Kila mmoja alikuwa na kipande cha gome la mti midomoni, kimefungwa kwa uzi shingoni. Na nyuma kabisa, kwenye tezi, pale inapoishia kona ya chini ya ukurasa, ilining'inia bendera ndogo isiyozidi ukubwa wa ukucha. Bendera ilikuwa na msalaba.

"Padri, hicho midomoni ni nini?"

"Walitakiwa kukiuma ili wasipige kelele vita vinapoanza."

Donatus akafikiria mtumbwi usio na wimbo. Kisha akaonyesha bendera kwa kidole. "Na merikebu hii ni yetu?"

Padri Lukasi alivua miwani akaifuta. Hakuwa mwongo, tumpe haki yake. "Ndiyo. Pande zote mbili zilikuwa na watumwa wa makasia. Waturuki waliwafunga Wakristo, Wakristo waliwafunga Waturuki. Ni jambo la aibu, Donatus. Wewe eleza habari ya rozari." Akawasha pikipiki akaenda zake.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba kanisa la udongo lilijaa. Siku hizo watu walitoka kila pembe kufuata kazi ya dhahabu, Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, na watu wa pwani. Wengi hawakuwa Wakristo, lakini hadithi haina mlango, wakasimama madirishani. Donatus alikunja kitabu ili ukurasa mmoja uwaelekee watu, akakishika kwa kona ya chini, akaanza. Alipofika kwenye picha ile ya minyororo, bibi mmoja aliyeitwa Paskalia, mwenye macho makali kuliko umri wake, akauliza kwa sauti.

"Baba katekista, hao waliofungwa wako kwenye merikebu ya nani?"

Ukweli ulikuwa mfupi, maneno mawili tu yangetosha. Lakini Donatus alitazama nyuso zile, wengine wamebatizwa juzi tu, akaogopa. Dole gumba lake likasogea likafunika bendera. Lilikuwa dole kubwa, limepanuka kwa kafi, na lilitosha kabisa.

"Ya Waturuki, bibi. Hao ni Wakristo wenzetu."

Kanisa likaguna. Na uongo ni kama mbuzi, ukimwachia shamba hali jani moja. Donatus akaendelea, akasimulia jinsi waliofungwa walivyosali na gome midomoni, jinsi ushindi ulivyokuja, jinsi minyororo ilivyofunguliwa na watu kukumbatiana. Ni kweli Wakristo wengi walifunguliwa siku ile, Padri alikuwa amemwambia. Lakini si hao wa kwenye picha. Bibi Paskalia alilia, na wanaume waliokuwa wakifanya kazi chini ya ardhi, wanaojua maana ya giza, wakalia pia.

Akirudi nyumbani alijiambia atasahihisha Jumapili ijayo. Jumapili ilipofika, watu waliomba awarudie pale pa minyororo. Mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi, wengine kwa miguu toka vigango vya mbali, na akaitwa huko nako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa Donatus kila mtu alikuwa akiusifu.

Kati ya waliosimama dirishani alikuwako Athumani Mhina, Mzigua wa Handeni, Mwislamu, aliyekuwa akitoboa mwamba kwa mashine chini mgodini. Alikuwa ameoa hapohapo, mke wake Msumbwa aliyeitwa Nyamizi, na walikuwa na binti mmoja, Rehema. Wasukuma na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya pwani, babu zao walipolala njaa pamoja njiani wakazikana porini. Kwa hiyo siku Donatus na Athumani walipojuana makabila hawakuhitaji kutambulishwa tena.

"Hujambo, mtumwa wangu?" Donatus alizoea kumwambia.

"Mtumwa nani? Wewe mla michembe ya viazi, ulinunuliwa kwa jembe lisilo na mpini, na aliyekununua bado analia."

Hivyo ndivyo watani wanavyoitana, kila mmoja ni mtumwa wa mwenziwe, na hakuna anayekasirika. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani, akachukua kuku wako uwanjani, nawe ukinuna watu watakuona huna malezi. Na mtani ana ruhusa moja iliyo kubwa kuliko kuku. Anaweza kukuambia ukweli wowote ulimwenguni, mradi auseme kwa kicheko.

Desemba 1946 Donatus alipita kwa Athumani akitokea vigango vya mbali, akaomba maji. Alipokuwa anakunywa, Athumani aliingiza mkono mkobani mwa Donatus akatoa kile kitabu cha bluu.

"Hiki nimekiteka. Ukikitaka, lete jogoo."

 Donatus alitaka kumnyang'anya, lakini mila ni mila, na Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni akicheka. Akacheka naye. Siku ya tatu alileta jogoo mwekundu, akakuta kitabu kimefungwa vizuri ndani ya kipande cha kanga.

"Wabeja, mtani," Athumani alisema, akishukuru kwa Kisukuma chake kibovu. "Picha nzuri. Tumeziangalia zote."

Hakuongeza neno. Kwa mtu kama Athumani, kutoongeza neno ni neno.

Oktoba 1947 kanisa lilikuwa limejaa, na Donatus alikuwa amefika kwenye picha ya minyororo, bibi Paskalia ameshaandaa kitambaa chake cha machozi, sauti ikapasuka toka dirishani.

"Mtani! Ondoa hilo dole gumba tuone!"

Watu wakaangua kicheko. Dole la katekista lilijulikana, watoto walikuwa wakilitania wakati wa mafundisho. Donatus naye akacheka, ingawa jasho lilimtiririka ndani ya kanzu.

"Nyamaza, mtumwa wangu. Hata nikiliondoa huna macho."

Kicheko kikazidi, hadithi ikaendelea. Toka siku hiyo kelele ile ikawa sehemu ya Oktoba. Ikikaribia, watoto waligeukia dirisha na kungojea. Mwaka hadi mwaka Athumani aliita, mwaka hadi mwaka Donatus alijibu, na watu wawili tu walijua kwamba haukuwa utani mtupu. Donatus hakuutazama tena ukurasa ule. Aliufungua kwa kupapasa, macho yakiwa kwa watu, dole likienda mahali pake lenyewe. Alimchukia Athumani siku hizo? Hapana. Alimpenda kuliko ndugu zake wa Mwakitolyo, na ndiyo sababu iliuma.

Mwaka 1951 vijana wa kigango walitoka kanisani na vichwa vya moto wakapita kisimani. Rehema, wakati huo wa miaka kumi na mbili, alikuwa kwenye foleni. Wakamsukuma nyuma. "Waislamu waliotufunga minyororo wachote mwisho," mmoja alisema, na mtungi wa Rehema ukaanguka ukavunjika.

Jioni Athumani alikuja kwa Donatus. Bernadina, mke wa Donatus na mama wa mtoto wao Limi, alimpa kigoda, akakaa bila kumtukana mtu.

"Leo utani nimeuacha nyumbani," alisema. "Bibi yangu, mzaa baba, alipelekwa Pangani na baba yake mwenyewe mwaka wa njaa. Akabadilishwa kwa vikapu viwili vya mtama. Alivaa mnyororo miaka mitatu. Nimekuona wewe ukiniita mtumwa wangu nikacheka, kwa sababu na mimi nakuita, na kwa sababu bibi yangu mwenyewe alikuwa akiitana hivyo na watani wake na kucheka. Leo Rehema hakucheka."

"Nitawakanya vijana."

"Wakanye." Athumani akainuka kigodani. "Na wewe nani atakukanya?"

 Donatus aliwakanya vijana kwa ukali altareni, akawatoza mtungi mpya, akajisikia ametenda haki. Oktoba iliyofuata dole gumba lilirudi palepale. Dirishani palikuwa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida, hata watoto wakaanza kunong'ona. Halafu Athumani akaita, watu wakacheka. Donatus peke yake alisikia kwamba sauti ile ilikuwa imechoka.

Kifua kilimwanza Athumani mwaka 1954. Watoboaji wengi wa mwamba walikuwa wakikohoa, na kikohozi chake kilikuwa kikavu kama mtu anayekwangua sufuria. Akaachishwa kazi. Oktoba ya mwaka huo Nyamizi alimshika mkono hadi dirishani ili aseme maneno yake, na alipoyasema alikohoa mpaka hadithi ikasimama. Kufikia Agosti 1955 alikuwa amelala kitandani, mifupa na macho. Donatus alimpelekea maziwa kila siku. Siku moja walipokuwa wawili tu, alikiweka kibuyu chini akapiga magoti.

"Mtani, kile kitabu..."

Athumani aliinua mkono, na ilikuwa kazi kuuinua. "Usiniambie mimi. Mimi nilikwisha kuona. Waambie wasioona." Akapumzika. "Halafu siku ya kunizika usinitie aibu, mtumwa wangu. Nifanyie utani mzuri."

Alifariki Alhamisi. Msiba wa Mzigua bila mtani ni msiba uliopungua. Mtani ndiye huvaa nguo za marehemu, humwigiza, hutaja makosa yake, huzuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka na machozi yao, roho zikapata kupumua. Katika eneo lile lote Msukuma wa kuifanya kazi hiyo alikuwa mmoja. Baadhi ya wazee wa kigango walimwambia haifai, katekista hawezi kurukaruka kwenye maziko ya Kiislamu. Donatus alikwenda.

Alivaa kofia ya mgodini ya Athumani. Akatembea mwendo wake wa kuvuta mguu, akatafuta viatu huku amevivaa, akagombana na kuku. Alikohoa kama yeye, na watu walioanza kwa kulia wakaanza kushika mbavu. Akalala katikati ya njia, jeneza likasimama. Ndipo mzee mmoja, aliyetoboa mwamba pamoja na marehemu, akapaza sauti.

"Na kanisani je? Kanisani alisemaje?"

Wote wakapiga makofi, maana wote waliyajua maneno yale. Donatus akainuka. Hapakuwa na njia ya kukwepa, mtani akiombwa hutoa. Akanyoosha kidole kuelekea mahali patupu alipokuwa amelala yeye mwenyewe, akaita kwa sauti ileile ya Athumani, ya zamani, ya kabla ya kifua.

"Mtani! Ondoa hilo dole gumba tuone!"

Kicheko kilikuwa kikubwa hata Nyamizi akacheka ndani ya kanga yake huku machozi yakimbubujika. Donatus alisimama akingoja. Aliamini mdomo wake, ambao haukuwahi kumwangusha, utaendelea wenyewe, utasema lile lililobaki. Haukusema. Watu wakadhani ameshindwa kwa huzuni, wakampa ndizi kama ada yake, akasogea pembeni, jeneza likapita. Alikuwa ameitwa mbele ya kaburi la mtani wake, na mwitaji akiwa yeye mwenyewe, na bado hakuitika.

Wiki ya mwisho ya Septemba mwenyekiti wa wazee wa kigango, Mzee Gregory, alikuja kumwona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yakae yalipo.

"Habari za maziko zimefika misheni," alisema. "Padri mpya anauliza wewe ni katekista au mcheza ngoma. Nimekutetea. Lakini mwaka huu simulia vizuri, Baba Limi. Simulia mpaka watu walie, na yote yatasahauliwa. Ukiharibu, mimi sitaweza kuilinda kazi yako, wala hii nyumba ya kigango mnayokaa."

Bernadina aliyasikia yote toka jikoni. Mzee alipoondoka, Donatus alimweleza mkewe habari ya bendera, kwa mara ya kwanza, akiangalia miguu yake. Bernadina aliendelea kuchambua choroko.

"Nilijua kuna kitu," akasema hatimaye. "Kila Oktoba unakonda. Basi kaseme. Michembe tutakula popote."

Tulitangulize lililofuata, ili lisituchafulie mwisho. Kazi aliipoteza kabla ya Krismasi. Alihamia kwenye shamba la pamba la mkwe wake, akaishi huko akilima na kuimba, na jirani zake wanasema hakukonda tena Oktoba.

Jumapili yenyewe ya hadithi ilikuwa tarehe mbili Oktoba. Watu walijaa mpaka nje, maana walitaka kuona katekista atafanyaje bila mtani wake. Dirisha la Athumani liliachwa wazi. Hakuna aliyepanga hivyo, ila kila aliyefika pale alisogea pembeni kidogo akaenda dirisha jingine.

Donatus alisimulia. Merikebu zikajipanga, upepo ukageuka, watu wakasali. Akafungua ukurasa wa ishirini na moja kwa kupapasa kama kawaida, dole likaenda mahali pake. Watoto wakageuka kutazama dirisha. Hapakuwa na mtu. Wanawake waliokuwa wakipepea watoto wakaacha. Bibi Paskalia, sasa karibu haoni, alikuwa na kitambaa mkononi.

"Kila mwaka mtani wangu aliniambia niondoe dole gumba," Donatus alisema. "Leo naliondoa. Tazameni bendera ya merikebu hii mseme ni ya nani."

Akaliondoa. Watu wakainuka, wakasogea, wakanyoosha shingo. 

"Bendera ipi, Baba Limi?" Mzee Gregory akauliza kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Donatus akakigeuza kitabu akakitazama. Kwa miaka mingi jasho lake na mafuta ya ng'ombe anayojipaka viganjani vilikuwa vimeila karatasi ile. Wapiga makasia walikuwapo, na minyororo, na magome midomoni. Lakini pale kwenye tezi, palipokuwa na bendera, kona ilikuwa imelika ikatoboka, na tundu lake lilikuwa na umbo la dole gumba. Kupitia tundu lile aliona udongo wa sakafu.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Siku zote alidhani anaficha, na kilichofichwa kinaweza kufunuliwa mtu akipata moyo. Kumbe alikuwa akifuta. Akashika meza.

"Hapa palikuwa na bendera," alisema. "Ilikuwa na msalaba. Merikebu hii ni ya Wakristo. Hawa waliofungwa ni Waturuki, Waislamu, nasi ndio tuliowafunga. Niliijua tangu siku ya kwanza. Bibi Paskalia aliniuliza, nikamdanganya, na nimewadanganya ninyi wote mpaka leo. Na binti wa watu akavunjiwa mtungi kisimani kwa ajili ya uongo wangu."

Zogo likaanza. Mmoja alisema ni huzuni imempanda kichwani. Mwingine alisema amelishwa kitu kwenye maziko. Bibi Paskalia alikuwa akiuliza watu wa kando yake, "Anasema nini? Kwa hiyo niliwalilia nani?" Mzee Gregory akainua mikono.

"Baba Limi, bendera haipo. Wewe unasema ilikuwapo. Mwaka jana ulisema vingine. Tuamini lipi? Nani mwingine aliyeiona?"

"Aliyeiona tumemzika Agosti," Donatus alisema, na sauti yake, ile iliyovusha mitumbwi, ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Mimi niliiona."

Nyamizi alikuwa amesimama dirishani pa mumewe, na kaniki ya eda mwilini. Hakuna aliyemwona akifika. Mwanamke wa eda hatoki nje hivi hivi, na wote walijua amejipa kazi kubwa kufika pale.

"Kitabu hicho kililala kwangu siku tatu," alisema. "Mume wangu alinionyesha kwa taa. Bendera ilikuwa na msalaba, ndogo, hapo kwenye kona. Nilimwambia, twende tukawaambie watu, wanatusema vibaya na kumbe wenyewe ndio waliofunga. Akanikataza. Siku Rehema alipovunjiwa mtungi nilimwambia tena, akanikataza tena. Nikamwuliza, utamngoja mpaka lini?"

Akamtazama Donatus.

"Alisema, yule ni mtani wangu. Mwache, atasema mwenyewe."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyetoka. Donatus alikifunga kitabu akakiweka juu ya meza, akajifuta uso kwa kiganja. Kisha, kwa mikono mitupu, akaanza kuisimulia hadithi upya toka mwanzo, akianza na wapiga makasia.